Mazabodi ya Kobe

4 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku ni salama, na chumba changu kipya hakivuji, ingawa mwenye nyumba aliapa kwamba kitavuja kidogo ili nisije nikamlaumu baadaye. Baba mdogo mpe shikamoo yake pia. Mwambie bomba la hapa lilikuwa linatoa machozi, nikalifunga kama alivyonifundisha, na sasa wapangaji wote wananiita fundi. Cherehani yako ile kubwa imepona? Na goti lako?

Mama, nina ombi. Unajua mchana niko kwenye kiwanda cha uchapaji, nabeba marobota ya karatasi. Jioni nachora. Sasa kuna kampuni ya katuni za watoto imenipa jaribio: niwatengenezee katuni ya nusu saa, picha zinatembea na kuongea, kabla ya mwisho wa Julai. Wakiipenda wananiajiri mchoraji wa kudumu, naachana na marobota. Kuchora nimechora. Tatizo ni kompyuta. Nikimaliza kuchora, yenyewe inabidi igeuze zile picha kuwa filamu, na hii niliyo nayo inafanya hiyo kazi kama mtu anayeteka maji kwa kijiko.

Kwa hiyo naunda nyingine mwenyewe. Nimeshapata prosesa, ndiyo akili ya kompyuta, na hii yangu ni ya aina inayokubali kusukumwa ikimbie kuliko mwendo iliopangiwa kiwandani. Kilichobaki ni mazabodi, ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Huku hakuna duka. Mtaani kwenu yako mengi, nyuma ya soko la nguo. Naomba unichagulie moja, unitumie. Nakuamini kuliko hao wauzaji.

Nisalimie kwaya.

Mwanao,
Kobe


17 Machi

Kobe wangu,

Marahaba, marahaba sana. Namshukuru Mungu kwa barua yako, maana simu umeigeuza mapambo. Nikipiga unasema "sijambo mama" halafu unakata kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Ndiyo sababu nakuandikia. Barua huwezi kuikata.

Hapa tuko wazima. Cherehani kubwa imepona, goti bado linajadiliana na ngazi za kanisani. Shule zinakaribia kufunguliwa, nashona sare mpaka vidole vimekuwa rangi ya bluu. Baba yako mdogo kaitwa kurekebisha mabomba ya jengo zima lenye ofisi, na amerudi na majivuno ambayo hayaingii mlangoni.

Sasa hiyo mazabodi. Nimekwenda. Nimeingia kwa kijana mmoja wanamwita Feni, maana amening'iniza feni ndogondogo za kompyuta dukani kwake, zote zinazunguka, ukiingia kilemba kinataka kuruka. Akaniuliza:

"Mama, unataka bodi ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Ana prosesa gani?"

"Nzuri."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Nami nikacheka, lakini nilikuwa nimekasirika kidogo. Akasema kuna bodi zaidi ya aina ishirini pale ndani, na tundu la prosesa lisipolingana ni kama kulazimisha kitufe cha koti kwenye tundu la shati. Hapo nikamwelewa. Basi niandikie vizuri, jina la prosesa kamili, na vitu gani nitazame.

Na jambo jingine. Hilo la kusukuma limenisumbua. Aliyeitengeneza si ndiye aliyejua inaweza kiasi gani? Nilimwuliza mchungaji kama ni vibaya kukimbiza kitu kuliko alivyokipangia mtengenezaji wake. Akafikiri, akafikiri, akaniuliza, "Ni pikipiki?" Nikamwambia ni kompyuta. Akasema hiyo hakuisomea, ila ataiombea.

Unakula? Mchana kiwandani, jioni unachora, unalala saa ngapi? Usiniruke swali hili.

Akupendaye,
Mama mdogo


2 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kazini, nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama vibaya. Mwambie mchungaji ahsante, maombi ya kompyuta nayapokea.

Swali lako la pikipiki nikujibu hivi. Kiwandani wanaipangia prosesa mwendo ambao hata ile dhaifu kuliko zote kwenye kundi lake itaumudu. Zile zenye nguvu zinabaki na akiba ndani. Kusukuma ni kuitumia hiyo akiba. Siyo kuiba, mama. Ni kama wewe wakati wa kufungua shule.

Jina la prosesa nimeliandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha, mpe Feni alisome, usihangaike nalo. Vitu vya kutazama ni hivi. Kwanza tundu lilingane, hilo Feni atalijua. Pili, ziko bodi zenye tundu lile lile, ni ndugu kabisa, lakini nyingine zimefungwa, hazikubali prosesa isukumwe. Sitaki hizo. Mwambie "iliyofunguliwa". Tatu, pembeni mwa tundu utaona vidude vidogo vyeusi vimejipanga. Hivyo ndivyo vinavyopokea umeme na kuupima kabla haujafika kwenye prosesa. Viwe vingi, na viwe vimefunikwa kwa bati nene la kupozea. Prosesa ikikimbia inakula umeme mwingi, na vyenyewe ndivyo vinavyochemka. Nne, nafasi za kuchomeka kumbukumbu ziwe nne. Taa za rangi rangi sizihitaji, hata akikusifia.

Kuhusu kulala, usijali. Nalala.

Katuni inakwenda vizuri. Ni ya mbuzi mwenye kibali cha kuendesha basi. Utacheka.

Kobe


26 Aprili

Mwanangu Kobe,

Nimechelewa kujibu, na si kwa sababu ya sare. Sare nimemaliza. Nimekuwa nikiomba nipewe maneno ya kuandika.

Tuanze na heri. Baba yako mdogo mzima, anakohoa ila ni kile kikohozi chake cha kutaka chai. Kwaya tumepata sauti mpya ya nne, mwanamume mwenye kifua kama kabati, anapiga chini mpaka vioo vinaitikia. Mbuzi wako wa basi nimemsimulia kila mteja, wote wanauliza atapita kituo gani.

Sasa nikae chini nawe.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kupimisha watoto wake sare. Katika kuongea tukagundua mdogo wake wa kiume mnafanya naye kazi kiwandani. Akafurahi sana. Halafu akasema, kwa moyo mwema kabisa, bila kujua kwamba mimi sijui, "Na yule kijana wenu anaendeleaje sasa?" Nikamjibu anaendelea vizuri. Akasema, "Mungu mkubwa. Mdogo wangu alisema alipasuka paji la uso tu, angeangukia kwenye mashine ingekuwa mengine." Pini zilikuwa mdomoni mwangu, nikashindwa kuzitoa.

Sitakuuliza. Nataka siku moja uniambie kwa mkono wako. Nauliza tu kidonda cha paji la uso kimefunga?

Baada ya hapo nikaenda kwa Feni na karatasi yako. Akanitolea bodi mbili. Zote tundu moja, kama ulivyosema, ndugu. Moja ile yako, iliyofunguliwa, nzito, ina mabati mazito pembeni, ukiishika unajua umeshika kitu. Nyingine nyepesi, vile vidude vyeusi vimekaa uchi, na nafasi za kumbukumbu mbili. Nikamwuliza, "Hii nyepesi, mtu akitaka kuisukuma prosesa?" Akasema, "Haitaki, mama. Hii ina mwendo wake mmoja tu, hata uipigie magoti."

Nikachukua hiyo.

Feni akasema, "Mama, siyo iliyoandikwa hapa." Nikamwambia naona. Sikudanganyi, Kobe, wala sikukosea. Nimenunua ile isiyosukumika nikiwa na akili zangu zote. Ninyi wawili, wewe na hiyo prosesa, mmoja wenu lazima apumzike, na wewe hunisikii. Ikienda polepole, nawe utalazimika kwenda polepole. Kampuni ikingoja wiki mbili haitakufa.

Mama yako aliponiachia wewe hakuniambia nikukimbize. Aliniambia nikutunze.

Bodi imefungwa vizuri ndani ya vipande vya kitambaa cha sare, usivitupe, ni vizuri kufutia vumbi.

Anayekuombea asubuhi na jioni,
Mama mdogo


30 Mei

Mama mdogo,

Bodi imefika. Nimeiweka. Inafanya kazi.

Nilikuandikia vizuri nilichotaka. Nilikuamini.

Hii uliyochagua haisukumi prosesa, kweli. Lakini haiwezi hata kuilisha kwa mwendo wake wa kawaida. Vile vidude vilivyo uchi vinachemka, bodi ikiona vimechemka sana inaikata prosesa mwendo ili isiungue. Kwa hiyo inakwenda polepole kuliko hata kiwandani walivyopanga. Naiachia kazi, inakatika katikati, naanza upya. Nakaa karibu nayo kuilinda na feni ya mezani. Kampuni nimewaandikia kuomba muda. Wamesema tarehe ni ile ile, wana wengine wanaosubiri.

Ungenitumia tu pole, ningeelewa. Usingechagua kwa niaba yangu.

Kidonda kimefunga.

K.


9 Juni

Mwanangu,

Barua yako imeingia bila shikamoo. Nimeigeuza nyuma nikaangalia kama labda umeiandika huko. Marahaba hata hivyo. Nimeiitikia hewani.

Baba yako mdogo mzima. Mimi mzima. Siku mbili sikuimba.

Nikampa barua yako aisome. Unajua hasomi kitu hadi mwisho, hata karatasi ya dawa, lakini hii aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Hivyo vidude vinavyopokea umeme, vilikuwa vichache?" Nikasema vichache, na uchi. Akavua kofia.

"Wewe mwanamke, umefunga bomba jembamba kwenye pampu kubwa."

"Nilitaka maji yaje taratibu."

"Hayaji taratibu. Pampu haijui kama bomba ni jembamba. Inasukuma tu, na bomba linapasuka kwenye maungio. Ukitaka maji yaje taratibu na salama unaweka bomba nene, halafu unafungua koki kidogo."

"Sasa unaniambia leo?"

"Uliniuliza lini? Ulimwuliza mchungaji."

Hapo nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kesho yake nikarudi kwa Feni. Nikamwuliza kwa adabu anifundishe kama mtoto. Akaniwekea zile bodi mbili juu ya meza. Akaniambia ile nzito, hata usipoisukuma kabisa, vidude vyake vinakuwa vya baridi, maana mzigo umegawanywa kwa wengi. Kusukuma ni ruhusa tu, siyo lazima. Ni mwenye kompyuta anayeamua ikimbie kiasi gani, na siku akitaka anairudisha. Na ikizidi inajizima yenyewe kabla haijaungua. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Akasema, "Mama, uso wako siku ile, hata mimi nilikuwa nakuogopa."

Kobe, nilidhani kitu chenye nguvu ndicho kinachomwumiza mtu. Nikakupa dhaifu nikikuhurumia, kumbe nimekuongezea mzigo. Nisamehe. Ulisema sikupaswa kuchagua kwa niaba yako, na umesema kweli. Kazi ni yako, mwili ni wako, Mungu alikupa vyote viwili bila kuniuliza mimi.

Bodi yako ninayo hapa, ile nzito. Feni amekubali kunipa kwanza, ile nyingine nimrudishie nikitoka huko. Dhamana ni baba yako mdogo, ambaye ameahidi kumtengenezea choo cha dukani kilichoshindikana kwa mafundi watatu.

Umesoma vizuri hapo juu. Nikitoka huko. Naileta mwenyewe. Cherehani ndogo naibeba, kazi zangu nitazifanyia kwako, kwa hiyo usiseme nakupotezea muda wala napoteza wangu. Wewe chora, sukuma mashine yako unavyotaka. Mimi nitapika, nitaishikia hiyo feni ya mezani, na saa ya kulala nitazima taa, na sitaki majadiliano juu ya taa. Hilo moja tu naomba niamue.

Sitakuuliza chochote. Nilishasema.

Basi la Jumamosi asubuhi. Usije kunipokea kama una kazi. Nitauliza njia, watu watanionyesha nyumba ya fundi wa mabomba.

Mama mdogo


11 Agosti

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ile niliyoiruka.

Natumai safari ya kurudi haikukuchosha na goti halikuvimba. Mwambie Baba mdogo choo cha Feni kimenifurahisha zaidi kuliko katuni yangu. Kweli aliingia na kofia akatoka bila kofia? Usimwulize ilikwenda wapi. Majirani hapa wanakuulizia kila siku. Yule bibi wa chumba cha mwisho amevaa lile gauni ulilomshonea siku nne mfululizo, tukimwambia alifue anasema ataliharibu.

Chumba kimekuwa kikubwa tangu uondoke. Sikijui kabisa.

Kampuni wamejibu. Wameichukua. Wameandika kwamba mbuzi ana roho, na kwamba picha hazikatiki mahali popote. Naanza kazi kwao mwezi wa kumi. Kiwandani nimeshaaga. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, lakini nilipiga kelele, kwa hiyo umekuwa wa kumi na kitu.

Kompyuta nimeirudisha kwenye mwendo wake wa kiwandani. Ile wiki ya mwisho nilikuwa nimeisukuma sana, uliiona, na bodi haikuchemka kiasi cha kukuunguza mkono. Ilikuwa inaweza kuendelea. Lakini juzi nikaitazama nikaona hakuna tunachokikimbilia, nikaiteremsha. Inakoroma vizuri sasa.

Mama, ulikaa hapa wiki zote zile. Ulinikuta nimelala kwenye kiti, ulinikuta nimeshika ukuta ile siku nilipotoka kuteka maji, ukanipitia kama hukuona, ukaenda kuweka chai. Kila asubuhi nilisema leo ataniuliza. Hukuuliza. Ningeweza kukupinga ungeuliza. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, majibu yote ninayo.

Basi nakuandikia kwa mkono wangu, kama ulivyotaka.

Nilianguka. Na haikuwa siku ile moja. Kabla ya ile ya kiwandani nilianguka hapa ndani, na baada yake nilianguka tena, mwezi wa tano, siku moja kabla ya kukuandikia ile barua mbaya. Nilienda zahanati. Daktari alinipima presha, akanipima tena, akauliza nina umri gani, akanipima mara ya tatu. Alinipa dawa na akasema nirudi baada ya wiki. Dawa nilimeza siku chache nikaacha, kwa sababu zilinipa usingizi, na mimi nilikuwa naogopa usingizi. Sikurudi kwake. Sikukwambia kwa sababu najua mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu huu, na najua ni wewe uliyekuwa umemshika. Sikutaka nione uso wako ukisikia. Ndiyo maana nilikuwa nakata simu.

Kwenye karatasi inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa kifuani.

Leo asubuhi nilirudi zahanati. Daktari amenigombeza kama wewe, kasoro kuimba. Dawa nimeanza upya, na anataka nionwe na daktari mkubwa, na hospitali yenye daktari huyo iko huko kwenu. Naomba unisindikize. Nikiingia peke yangu nitamwambia sijambo.

Nakuja Alhamisi. Niwekee godoro kwenye chumba cha vyerehani, na usimwambie mtu yeyote kwamba nimefika, hata kwaya, hasa kwaya. Ushone tu, mimi nilale.

Mwanao